Kitanda Chenye Tundu

Buyenzi, baada ya Isha

Zaina mwanangu,

Nakusikia chumbani unapiga pasi lile gauni lako jeupe, na najua unajua kwamba siandiki hesabu ya vitumbua. Utaikuta barua hii ndani ya kanga niliyokukunjia kwenye sanduku. Usiisome ndani ya lori. Ukishafika, ukishaona mahali pa kulala, ukishanawa kama mnavyonawa ninyi watu wa udaktari, mpaka ngozi yenyewe inaomba msamaha, ndipo uifungue.

Sitakuambia uchemshe maji. Sitakuambia ule vizuri wala ujifunike. Mtu aliyefika mwaka wa tatu wa udaktari hafundishwi na muuza vitumbua namna ya kuosha kikombe. Ninachotaka kukueleza ni habari ya mama yako na mashaka yake, kwa sababu siku hizi kila tukionana unanijibu "ndiyo mama" na "apana mama" kama mgeni aliyekuja kupanga chumba. Sababu yake naijua. Sitaki upande gari kabla sijaisema mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kushuku, na hilo hukuambiwa na majirani, umelelewa nalo. Nyama nainusa pande zote mbili kabla sijafungua pesa. Mtu akinisifu, naangalia mkono wake wa pili unafanya nini. Marehemu baba yako alikuwa anasema kwamba nikiingia peponi nitaanza kwa kuwauliza malaika mlango wa nyuma uko wapi na ufunguo wake anao nani. Alicheka sana na maneno yake hayo, lakini hata siku moja hakuniambia niache, maana alijua yaliyonipata.

Mjomba wako Juma unamkumbuka. Ndiye kaka yangu aliyenikalisha jikoni nikiwa mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, akanifundisha herufi kwa kipande cha mkaa ukutani, ndiyo maana leo naweza kukuandikia bila kumtafuta mtu. Alikuwa mwalimu. Mwaka ule, na sina haja ya kuutaja, lori lilisimama mbele ya shule yake mchana kweupe, mtu akashuka, akaita majina. Waliambiwa ni mkutano, watarudi. Lori lilipita hapa kwetu na Juma akanipungia mkono kutoka juu. Nami nikampungia. Nilifurahi, mwanangu! Nilimwambia jirani kwamba kaka yangu ameitwa na wakubwa. Hakurudi yeye wala wenzake, na mpaka leo hakuna aliyeniambia nikasome Fatiha kwenye kaburi gani.

Kwa hiyo mtu akiniambia wanafunzi, lori, na majina yaliyoandikwa, vyote kwa pamoja, asitegemee nitapiga vigelegele.

Kipindupindu kilipoingia, redio ilisema ni ugonjwa uliokuwa ukizunguka dunia kwa miaka, kutoka Asia, nchi baada ya nchi, na sasa umefika kwenye ziwa letu. Mimi nilishuku redio kwanza. Halafu shule yenu ikafunga lango na mkaambiwa hakuna kurudi nyumbani, nikaacha redio nikaishuku shule. Nilikuja kwenye uzio na bakuli la pilau. Mlinzi akanirudisha na pilau langu, akasema chakula cha nje hakiingii. Ukaja ukasimama upande wa pili, mikono nyuma, hata vidole hukunipa nivishike kwenye waya.

Ukanieleza mambo yalivyogeuka humo ndani. Kwamba bweni limegawanywa, nusu mnalala madarasani ili vitanda visibanane. Kwamba hakuna tena kula sahani moja wawili, kila mmoja ana sahani na kikombe chake kilichopigwa rangi. Kwamba masomo ya vitabu yamesogezwa asubuhi tu na mitihani imeahirishwa, na mchana wakubwa wanawafundisha wadogo kwa sababu walimu wako lopitali, kwa wagonjwa, kutwa kucha. Kwamba kabla ya kuingia wodini mnakanyaga beseni la maji ya dawa, na mkitoka mnakanyaga tena. Kwamba profesa mmoja wa Kizungu amekwenda likizo katikati ya muhula, na hakuna aliyeuliza atarudi lini.

"Si mbaya, mama," ukasema. "Tunajifunza sasa mambo ya mwaka wa tano."

"Na wenye mwaka wa tano wako wapi?"

"Wako lopitali. Hawatoshi."

"Hawatoshi ao wamekimbia?"

Ukacheka mpaka mlinzi akageuka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Halafu ile Ijumaa mliyoruhusiwa kuja nyumbani kuchukua nguo safi. Najua unajua kwamba nilipekua mfuko wako, lakini hujui nilipekua vipi. Nilitoa kitu kimoja kimoja, nikakinusa. Nikakuta kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimetobolewa vitundu vidogo vidogo, na ndani kuna wekundu umekauka. Mpira, sindano, damu: nilishafika mbali kwa mawazo kabla hujatoka kuoga.

"Zaina, hii ni nini?"

"Ni mupira ya baiskeli, mama."

"Naona ni mupira. Nani ameichoma hivi? Na hii damu ni ya nani?"

"Si damu, ni wino. Tunajaza maji ya wino ndani, tunaifunika na kitambaa, halafu tunatafuta na sindano. Mutu wa kipindupindu mishipa yake inalala, mama, inakuwa kama uzi. Mukono lazima ijue mbele ya macho. Profesa alisema kila mutu alete mupira, na mi ni mutoto wa Buyenzi, nikaleta ya darasa nzima. Baba mudogo Saidi alinipa."

Nikasema sawa. Mdomo ndio uliosema sawa. Na siku hiyohiyo tulipokaa kula ukakataa kutia mkono kwenye sinia, ukajipakulia kwenye sahani yako pembeni, na baba mdogo wako Saidi aliponyoosha mkono kukusalimia ukaweka wako kifuani. Alikula tonge mbili akaondoka. Nikakuambia kwa hasira kwamba shule imekufundisha kutuona sisi uchafu. Ulijibu polepole kwamba ulikuwa unatoka kwa wagonjwa, na kwamba uliokuwa unawaogopea ni sisi. Maneno hayo niliyasikia vizuri. Sikutaka tu kuyaamini.

Kesho yake nikaenda gereji ya Saidi kumuuliza kama kweli alikupa mipira. Ndiyo, nilikwenda kukuchunguza, mwanangu wa kumzaa. Saidi akaapa kwamba alikupa, furushi zima, tena bure. Ningegeuka nirudi nyumbani pale, leo ningekuwa na amani na watu wa avenyu yetu yote. Lakini macho yangu hayajui kurudi nyumbani. Nikaona nyuma ya gari lililopandishwa juu ya mawe fremu za chuma zimepangwa ukutani, na juu yake turubai limekazwa, na katikati ya kila turubai kuna tundu la mviringo limeshonwa pembeni vizuri.

"Saidi, hivi ni nini?"

"Ni komande, kazi waliyoagiza shule ya kina Zaina, shemeji. Vitanda. Wanataka mingi, tena mbio mbio."

"Na hilo tundu?"

"Sijui. Walichora hivyo. Mi naunga chuma, siulizi."

Mwanangu, wewe umezaliwa ukanikuta ninaosha maiti za wanawake wa mtaa huu, kama alivyoosha bibi yako. Kitanda cha kuoshea cha msikiti wetu unakijua, unakiogopa tangu mdogo: kina uwazi katikati ili maji yapite yaingie shimoni. Juu ya kitanda hicho nimewalaza mama za watu, nikawageuza, nikawakamua tumbo taratibu, nikawaambia maneno mazuri masikioni. Mtu mwingine angeona vile vitanda vya Saidi angefikiri ni viti vya choo, au angecheka tu. Mimi nilijua, au nilidhani najua. Kitanda chenye uwazi katikati kina kazi moja.

Palikuwa na wanawake wanasubiri majiko yao yaungwe. Nikasema, tena kwa sauti: "Hivi ni vitanda vya kuoshea maiti. Wanawaita watu kutibiwa, kumbe wameshawaandalia kuoshwa."

Kabla ya Alasiri maneno yalikuwa yamefika avenyu zote. Na kwa kuwa aliyesema ni mimi, niliyewaosha mama zao na shangazi zao, hakuna aliyekwenda kuuliza kwa mtu wa pili.

Sasa nafika kwa Bi Tausi. Mume wake, Mzee Kasimu, alianza kuharisha jioni. Gari la wagonjwa lilipita na kipaza sauti asubuhi yake, Bi Tausi akawaambia mzee amevuka mpaka kwenda Uvira kwa dada yake. Alikuwa amemlaza stoo, amefunga dirisha, amebandika gunia. Jua halijatua, amekufa. Ulikuja na wenzako na pampu za dawa mgongoni kupulizia nyumba, na ukanikuta uani na wanawake wengine. Bi Tausi hakukusalimu. Alikuambia mbele yangu:

"Mama yako ndiye alisema ile kitanda ni ya maiti. Ningemupeleka vipi mume wangu kwenye kitanda ya maiti, na yeye bado anapumua?"

Ukanitazama. Ukaendelea kupulizia ukuta. Ungenitukana ingekuwa afadhali. Tangu siku ile ndiyo nimeanza kujibiwa "ndiyo mama."

Ungedhani nilijifunza hapo. Sikujifunza. Mtu wa kushuku akikosea, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta wa kumshuku mwingine. Nikajiambia, mzee alikuwa mzee. Nikajiambia, hata wangempeleka angekufa, tena asingeoshwa na watu wake. Halafu ikaja zamu ya Mwamini, mke wa Ramadhani fundi cherehani.

Waliniita wao wenyewe. Nilimkuta Mwamini macho yamezama, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa, sauti imekwisha kabisa. Nimeona sura hiyo mara nyingi na najua inaelekea wapi. Nikarudi nyumbani nikakata sanda. Nikaweka pamba, marashi na karafuu maiti kwenye kapu langu, nikakaa mlangoni kusubiri kuitwa. Badala ya kuitwa nikasikia gari. Ramadhani, masikini, alikuwa ametoka mbio barabarani akalisimamisha mwenyewe. Nilifika wanampakia. Nilimkamata Ramadhani shati nikamwambia, "We ni mwanaume gani, unampeleka mke wako azikwe bila kuoshwa na watu wake?" Akaniambia, "Mama Zaina, niache. Sijachoka kuwa na mke." Wakaondoka.

Kapu likakaa mlangoni. Maiti haikuletwa. Ramadhani alikwenda lile ghala la zamani la pamba kando ya ziwa walikowaweka wagonjwa, akarudishwa langoni, akaambiwa mke wake anaendelea. Anaendelea! Juma pia alikuwa anaendelea, kila ofisi niliyokwenda. Nikasema, nami niliamini ninachosema, kwamba wameshamfukia.

Ndipo mkuu wa shule yenu akatuita wazazi. Ukumbi ulijaa, baba za watu kutoka Ngagara na tai zao shingoni, mama wa Nyakabiga, na mimi na kanga yangu mlango wa nyuma ili nitoke haraka. Akaeleza kwamba wanafunzi wakubwa walioko ghalani wamechoka, wanaanguka usingizi wamesimama, na sasa ni zamu ya mwaka wa tatu. Mtaishi hukohuko mpaka ugonjwa utulie. Somo lenu litakuwa hao wagonjwa. Mzazi asiyetaka, mtoto wake atabaki na kurudia mwaka, bila lawama. Anayetaka, aje mwenyewe asubuhi ya kuondoka amkabidhi mtoto wake kwenye lori.

Nikajikuta nimesimama.

"Lori ya nani?" nikauliza. "Na majina, nani ataita majina?"

Wale wenye tai waliangalia viatu vyao. Nikajua kwamba humo ndani si mimi peke yangu niliyepunga mkono.

Mkuu alivua miwani. Ni mtu mzima, nywele zote nyeupe. Nilitegemea anikemee. Akasema, "Mama, hata mi ningeuliza. Kesho asubuhi gari inapeleka seromu, zile chupa za maji ya mishipa, kule. Njo ukae mbele na dereva, uone mahali penyewe, urudi uambie wenzako. Na wazee wawili waje pamoja na wewe."

Hata hilo nililishuku. Nilimwachia Saidi namba ya gari, nikamwambia kama adhana ya Adhuhuri itamkuta hajaniona, aje na vijana wote wa gereji.

Sijakuambia niliyoyaona kule. Ulikuwa shuleni, na uliporudi jana kuaga nilikosa pa kuanzia. Tulikanyaga beseni la dawa tukaingia. Vitanda vya Saidi viko safu mbili, na watu wako juu yake, hai, chupa zinaning'inia kwenye kamba za pamba. Chini ya kila tundu kuna ndoo. Kijana mmoja wa shule yenu, macho mekundu kwa usingizi, alikuwa anapita na kijiti chenye alama, anapima ndoo moja moja kama mtu anayepima mafuta kwenye pipa. Nikamuuliza tundu ni la nini. Akanieleza kwa adabu kwamba mgonjwa hana nguvu ya kuinuka, na kwamba kilichotoka chini lazima kijulikane ni kiasi gani, ili kirudishwe kiasi hichohicho kwa mshipa na kwa mdomo. Ni hilo tu. Nilikuwa nimemuua mtu kwa jambo ambalo kijana yule alinieleza akiwa hata hajaacha kupima.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. "Mama Zaina! Umekuja kuniosha?"

Mwamini alikuwa amekaa. Amekaa, Zaina, juu ya kitanda chenye tundu, kikombe mkononi, kanga kichwani kaifunga vizuri kama anakwenda arusini. "Bado kidogo," akasema, "nimalize kwanza hii maji yao. Ina chumvi. Waambie waongeze sukari, we watakusikia."

Nililia. Nilikaa chini kwenye sakafu ile ya dawa nikalia mpaka mmoja wa wale wazee wawili, baba wa Ngagara, akaniinua. Walidhani nalia kwa furaha, na furaha ilikuwepo. Lakini nilikuwa namlilia Mzee Kasimu. Vilikuwepo vitanda vitupu mwisho wa safu, viwili vitatu. Angeweza kulazwa kwenye kimojawapo.

Nilitoka kule nikaenda moja kwa moja kwa Bi Tausi. Nilimwambia nilichokiona na nikamwambia nilikosea, na kwamba niliyosema gereji niliyasema bila kuuliza. Alinipa kiti. Nilikaa mpaka Magharibi, nikaaga, akaitikia kwa kichwa. Nitarudi kesho, na keshokutwa. Sijui kama atanisamehe na sina haki ya kumwambia aharakishe.

Sanda ya Mwamini bado iko kapuni. Ramadhani kaja kucheka nayo, akasema niiweke, Mwamini mwenyewe ataikuta akizeeka.

Sasa usifikiri naandika haya kukuambia uache kushuku. Ungeacha, ningejua si damu yangu. Mimi nilimwamini mtu wa lori, nikampoteza kaka. Nikalishuku turubai, mume wa mwenzangu akafa. Nimefikiri sana, na tofauti ninayoiona ni ndogo lakini ni kubwa. Shaka langu nililipatia mdomo kabla sijalipatia miguu. Kutoka gereji mpaka shuleni kwenu ni mwendo wa mtu kumaliza tasbihi moja. Ningekwenda. Ningesimama kwenye uzio nikakuuliza, "Mwanangu, tundu ni la nini?" Nilikuwa na mtoto humo ndani anayejua, na sikumuuliza, kwa sababu nilishaona kwamba najua. Ukishuku, nenda. Ukifika, uliza. Usiposikia jibu, hapo sasa piga kelele, na mimi nitakuja kupiga pamoja nawe.

Kwa hiyo shuku. Mtu akikuambia usiulize, muulize mara mbili. Shuku maji hata kama wenzako wameshayanywa. Zaidi ya yote shuku mkono wako ukichoka, maana umerithi kwangu kiburi cha kuona kwamba tunajua, na wewe una sindano.

Na lile ulilonikataza, la kukamua tumbo la maiti za ugonjwa huu, nikakufokea kwamba hutanifundisha dini. Nilikwenda kumuuliza sheikh, kwa miguu yangu. Alisema dharura ina hukumu yake, na kwamba aliye hai ana haki kwa mwosha kabla ya aliyekufa. Sikamui tena. Nimevaa zile glavu ulizoniletea. Wanawake wananong'ona, wacha wanong'one.

Kuna jambo moja nililoliuliza kule ghalani sikupata jibu la kunitosha. Nilimuuliza yule kijana wa kijiti kama kuna wanafunzi walioshikwa na ugonjwa. Akasema "wachache, mama, wamepona," haraka, na akarudi kwenye ndoo zake. Sikumwamini. Huenda ni kweli, huenda ni kweli nusu. Nakuambia ili usije ukadhani kwamba kesho nakukabidhi kwa kuwa moyo wangu umetulia. Haujatulia. Naogopa, Zaina. Wewe ndiye mtoto wangu wa pekee, na tangu jana nakuona mgongo wako umeinama juu ya ndoo ile. Nakuruhusu kwa sababu nilimwona Mwamini amekaa. Kuna mtoto wa mtu aliyekesha naye, na mama wa mtoto huyo pia alikuwa anaogopa.

Umemaliza kupiga pasi. Nasikia unafunga sanduku na unajifanya hujui kwamba bado naandika; ukilala nitaichomeka barua kwenye kanga. Wacha nimalize.

Leo baada ya Alasiri nilimwita Saidi na mke wake, nikawaambia hapa uani kwa sauti ileile niliyotumia gereji, ili majirani nao wasikie. Nikiugua, nisifichwe. Asitafutwe mtu wa mizizi, usisubiriwe wewe, nisiulizwe hata mimi, maana nitakataa, mnanijua. Nipakiwe garini nikalazwe kwenye kitanda chenye tundu. Ikiwa ni zamu yako, Mungu akutie nguvu, nitundikie chupa kama unavyomtundikia mgonjwa yeyote, usinililie mpaka umalize. Na ikiwa umelala, wasikuamshe, afanye mwenzako. Mwambie tu kwamba mkono wa kulia utamsumbua. Siku niliyokuzaa walinitafuta mshipa hapo wakahangaika mpaka wakakata tamaa. Aanze na wa kushoto.

Mama yako